Jina Letu, Roketi Zao

Anga la jioni limegeuka jaa, na jaa hilo lina wenyewe. Msomaji mwenye darubini ya macho mawili, ile ya kawaida wanayoibeba watalii mbugani, aitoe kabatini baada ya magharibi na kusubiri nukta inayotembea polepole kati ya nyota. Zipo zinazovuka na mwanga uleule mwanzo hadi mwisho. Zipo pia zinazowaka, zikafifia, kisha zikawaka tena kwa mpigo. Hizi za pili aghalabu ni mizoga.

Setilaiti ikifa hupoteza uwezo wa kujisawazisha, ikaanza kubiringika kama maganda ya roketi yaliyomaliza kazi. Kila ubapa wake unapolielekea jua, hutupa mmweko. Kwetu karibu na Ikweta jua huzama wima na giza huingia upesi. Tunayo takriban saa moja na nusu kabla kivuli cha dunia hakijavifunika vyombo vya chini. Kazi yenyewe ni nyepesi: pima kwa simu muda wa vipindi kumi vya mmweko, gawanya kwa kumi, andika.

Kipimo hicho si mchezo wa watoto. Wapenzi wa anga wa Ubelgiji wamekusanya vipimo vya namna hiyo kutoka kwa watazamaji wa nchi mbalimbali, na mfululizo wake huonesha kama chombo kinaongeza au kinapunguza kasi ya kuzunguka. Envisat, mzoga wa tani 8 ulionyamaza tarehe 8 Aprili 2012, ungali juu, kilomita zipatazo 770. Atakayetaka kuuondoa hawezi kuukaribia bila kujua unavyobiringika.

Najua nitaambiwa kwamba wenye rada wanayajua yote haya. Wanajua mengi, naam, na hutangaza wanayopenda.

Kwetu jambo hili limekwisha kutua uani. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kuwa ni kipande cha roketi. Darubini isingeizuia, wala isingetabiri saa yake. Hata hivyo, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaitwisha nchi iliyorusha chombo dhima kamili ya madhara yanayotokea ardhini, na dhima hudaiwa na mwenye ushahidi. Kosmos 954 ilipoanguka Kanada mwaka 1978, Wakanada walikusanya vipande, wakaandika gharama, wakadai. Mwaka 1981 Muungano wa Kisovieti ukakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada.

Sisi tulizoea kuwa wenyeji tu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka pwani karibu na Malindi: chombo cha Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, jina letu.

Idara zetu za fizikia hulalamika kukosa vifaa, na mara nyingi zina haki. Ila kwa darubini moja ya mkono, mwanafunzi anaweza kumaliza muhula na daftari la vipimo lenye tarehe, saa na mahali, bila kuomba idhini ya mwenye setilaiti. Januari na Februari, mvua za vuli zikishapita, ndiyo miezi ya kuanzia.