Najashi Alisikiliza Kwanza

Sote tumesoma darasani Hijra ya Habasha. Maquraishi walimtuma Amr bin Al-Aas na zawadi ili Waislamu waliokimbilia kule warudishwe Makka. Najashi aliwaita wakimbizi, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib, ndipo akaamua wabaki. Na zawadi zikarudishwa!

Kisa hicho tunakikumbuka tunaposikia watu barazani wakisema, "Wakimbizi waondoke tu." Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kuifunga kambi ya Dadaab, iliyoanzishwa mwaka 1991 Wasomali walipokimbia vita. Wenyewe hawakuulizwa. Februari 2017 Mahakama Kuu, Nairobi, iliibatilisha amri hiyo: ni ya kibaguzi, inavunja Katiba, na wahusika hawakushirikishwa.

Hatusemi serikali isilinde raia wake. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, liliua watu 148, na uchungu wake tunaujua. Lakini ashitakiwe aliyeua, si mtoto aliyezaliwa kambini.

Hukumu ile inasomeka bure kwenye intaneti, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 pia. Tunawaomba wanafunzi wa madarasa ya juu wazisome, kisha wawaeleze wazee nyumbani. Waanze na Mkataba wa OAU wa 1969, maana ni mfupi, na unamlinda hata aliyekimbia vita vya nchi nzima, si yule tu anayeandamwa yeye binafsi.