Punguzeni besi ya gitaa kabla ya kulaumu spika

Katika makanisa na kumbi za harusi nyingi, mpiga gitaa hana tena amplifaya nyuma yake. Ana mashine ndogo ya kidijitali sakafuni inayoiga sauti za amplifaya maarufu, na waya unaokwenda moja kwa moja kwenye spika yenye amplifaya yake ndani. Tangu kampuni ya Line 6 ilipotoa POD mwaka 1998, wakafuata Fractal Audio, Kemper na Neural DSP, mashine hizi zimekuwa nzuri kiasi kwamba wataalamu wenyewe hubabaika kuzitofautisha na kitu halisi kwenye rekodi. Lakini zikifika ukumbini gitaa linavuma kama kabati linaloburutwa kwenye ghorofa ya juu, besi na ngoma vinapotea ndani yake, na lawama inaiangukia spika. Wenye pesa hununua nyingine, nayo inavuma vilevile. Spika inasingiziwa. Dawa iko kwenye mashine, na mwenye jukumu la kuitumia ni mpiga gitaa mwenyewe.

Spika ya kawaida ya gitaa ni kifaa chenye mipaka. Celestion za inchi 12, ambazo sauti yake imo kwenye sehemu kubwa ya rekodi za roki, hufanya kazi kuanzia hezi 75 hivi hadi 5,000, basi. Ukiiweka kwenye kasha lililo wazi nyuma, kama zilivyo amplifaya nyingi za Fender, mawimbi mazito ya nyuma na ya mbele yanauana kabla hayajafika mbali. Spika ya ukumbi imeundwa kwa lengo tofauti: ipitishe kinanda, ngoma na sauti ya mhubiri bila kuchagua, na nyingi zinashuka hadi hezi 50 au 60. Isitoshe, mashine haiigi amplifaya kama anavyoisikia mtu aliyesimama nayo chumbani. Inaiga amplifaya iliyowekewa maikrofoni, mara nyingi Shure SM57, karibu kabisa na kitambaa cha spika, na maikrofoni ya aina hiyo kadiri inavyosogezwa karibu ndivyo inavyoongeza besi. Studioni fundi huikata besi hiyo wakati wa kuchanganya sauti. Anayechomeka waya na kupiga ameiruka hatua hiyo. Kwa hiyo anayesema mashine yake ni sahihi, asiiguse, anasema kweli nusu: ni sahihi kwa maikrofoni, na hadhira haijasikiliza kupitia maikrofoni.

Sikio nalo lina ujanja wake. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha vipimo vinavyoonyesha kuwa sauti ikiwa ndogo, masikio yetu husikia besi kwa shida sana, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo besi inavyolikaribia daraja la sauti nyingine. Mpiga gitaa anayetengeneza sauti zake usiku chumbani, polepole asiwaamshe majirani, anaongeza besi hadi gitaa linone. Jumapili sauti ikifunguliwa, unono ule unageuka mafuriko. Halafu spika yenyewe imelazwa sakafuni: sakafu peke yake inaweza kuongeza besi hadi desibeli 6, ambazo ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara nne, na kona ya ukuta huongeza zaidi. Tena angalieni nyuma ya spika. Nyingi zina swichi ya kuchagua matumizi, na ile ya disko au muziki wa kucheza hunyanyua besi makusudi. Imeachwa hapo na waliopiga muziki wa sherehe juzi, na hakuna aliyeitazama.

Tiba ni kichujio kinachokata chini, na karibu kila mashine inacho. Zile kubwa zina ikwalaiza ya jumla inayogusa sauti zote kwa pamoja, na hapo ndipo pa kukiweka, si kwenye sauti moja moja. Spika ipande kwenye stendi, bendi nzima ipige kwa sauti ya siku yenyewe, kichujio kianzie hezi 60 kipandishwe taratibu mpaka gitaa lianze kukonda, kisha kirudishwe nyuma kidogo. Wengi watajikuta kati ya 80 na 120. Kama bado kuna uzito unaokera, mara nyingi uko kati ya 200 na 400, lakini huko ukate kwa mkono mwepesi, maana ndiko mwili wa gitaa ulipo.

Watakaopinga watasema gitaa litabaki jembamba. Likipigwa peke yake, ndiyo, litasikika hivyo. Waya wa sita ukipigwa wazi hutoa hezi 82, lakini hutoa pia 165 na 247 na kuendelea juu, na ubongo huitambua noti kwa hizo za juu hata ile ya chini ikipunguzwa sana. Kinachopotea ni mvumo zaidi kuliko noti. Na sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi ndio wa mwisho kuogopa jambo hili. Sikilizeni Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978: magitaa ni makavu na mepesi, na besi inatembea chini kwa raha zake kwa sababu hakuna anayeigombania nafasi. Waya mzito wa gitaa la besi huanzia hezi 41. Gitaa linalojaa hadi huko chini limeingia shamba la mwenzake, na sauti nzito zina tabia ya kuzifunika nyembamba, si kinyume chake. Ndiyo maana waimbaji ndio huwa wa kwanza kulalamika.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya fundi mitambo. Kweli, miksa nyingi zina kitufe cha kukata besi kwenye kila chaneli, na fundi mzuri hukibonyeza. Ila mpiga gitaa aliyechomeka waya wake kwanza kwenye spika iliyo miguuni pake amekwisha kumpita fundi: mvumo ule unazunguka jukwaa zima na kuingia kwenye maikrofoni za waimbaji, na hakuna kitufe cha miksa kitakachouondoa humo bila kuharibu sauti za watu. Mawimbi ya hezi 100 yana urefu wa mita 3.4, hayaelekei mbele kama mwanga wa tochi, yanaenea kila upande.

Anayepiga peke yake, bila besi wala ngoma, ana haki ya kuacha chini pajae, maana hakuna anayemnyima nafasi. Na pale ukumbi wenye sabwufa unaporuhusu fundi kuchagua nini kiende humo, gitaa lisipelekwe kabisa, hata kama mpigaji anaomba.