Siku ya Tatu Haina Mwandishi

Mwaka huu nilirudi kwenye mbio za barabarani za siku nyingi baada ya kukaa pembeni miaka 9. Siku nne, waendesha baiskeli 34, wote wa ridhaa. Hakuna kamera wala helikopta, ni gari moja la msaada na pikipiki mbili mbele. Nilimaliza nikiwa wa 31. Nikaandika makala, nikaipeleka kwa mhariri ninayemheshimu. Alijibu kwa mstari mmoja: "Kaka, umeandika vizuri, ila ungeshinda ndiyo ingekuwa stori."

Jibu hilo nimetembea nalo wiki tatu. Leo nalitua hapa, maana naona ni ugonjwa wetu sote tunaojiita watu wa fasihi. Tukiona mbio, tunauliza namba. Tukiona mtu amerudi baada ya kushindwa, tunamtaka arudi na kombe, tupate funzo la kubandika ukutani. Akirudi mikono mitupu, tunamwambia hana hadithi.

Nakataa. Na ushahidi wangu ni siku ya tatu.

Siku ya kwanza ina bendera na hotuba. Siku ya mwisho ina mgeni rasmi na picha. Siku ya tatu ina mlima tu. Tuliondoka Kyela asubuhi, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, kwenye joto na mashamba ya mpunga. Tukuyu iko kama mita 1,000 juu zaidi, na barabara haikuulizi kama uko tayari. Kabla ya Tukuyu kundi lilishaniacha. Kiwira nilifika peke yangu, mvua imeshika kama ilivyo kawaida ya Rungwe, mapaja mazito kama magogo mabichi. Na bado mlima wa kwenda Isyonje ulikuwa unanisubiri.

Nilisimama kwa akina mama wauza ndizi na parachichi. Mmoja, mtu mzima, akaniangalia toka kofia hadi viatu.

"Baba, unamfukuza nani? Wenzako wamepita zamani."

Sikuwa na jibu. Akanipa ndizi mbili, akakataa hela.

Nilipoanza kupanda nikamkuta kijana anasukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi. Tukaenda sambamba kama kilomita moja, yeye anasukuma, mimi nakanyaga, na hakuna aliyemwacha mwenzake. Tulipokaribia kona akasema, "Usiikate kwa ndani, kaka. Zungukia nje, ndani ndiko kunakoua miguu." Ni kweli tupu. Upande wa ndani wa kona ndio mkali zaidi. Kwa miaka yote niliyoshindana hakuna aliyewahi kuniambia. Nilifika Uyole kamba ya mwisho ishakunjwa, lakini nilifika.

Sasa niambieni, hapo namba 31 imeeleza nini? Swali la yule mama ndilo la kuandikia: kwa nini mtu asiyeweza kushinda aendelee kukanyaga? Karatasi ya matokeo haiwezi kulijibu. Makala inaweza angalau kujaribu.

Watasema mambo haya ni ya Wazungu. Haya, twende kwa hao Wazungu. Tour de France ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti, L'Auto, lililotaka kuuza nakala zaidi. Mbio za siku nyingi hakuna anayeziona zote kwa macho, kwa hiyo zinahitaji msimulizi. Mwaka ule walianza watu 60, wakamaliza 21. Aliyeshinda ni Maurice Garin. Wa mwisho, Arsène Millocheau, alikuwa nyuma yake kwa karibu saa 65, na jina lake tunalo hadi leo. Wafaransa wana hata cheo cha mtu wa mwisho: taa nyekundu, ile iliyokuwa ikining'inia nyuma ya behewa la mwisho la treni.

Halafu turudi nyumbani. Miaka 2 kabla ya Tour hiyo, mwaka 1901, Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na Salim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia. Kituo baada ya kituo: njia, njaa, baridi, watu wanaokutana nao. Hakuna kombe mwishoni. Basi namna hii ya kusimulia, leo tumelala hapa, kesho tukaamka tukaendelea, ilikuwamo kwenye Kiswahili kilichochapishwa kabla baiskeli hazijaizunguka Ufaransa. Ni sisi tulioiweka stoo.

Gharama yake naijua. Suleiman Kangangi, Mkenya, nahodha wa Team Amani, alikufa Agosti 2022 akiwa kwenye mbio za barabara ya vumbi huko Vermont, Marekani. Mimi, mpenzi wa mchezo huu, nilianza kusoma habari zake siku hiyo ya msiba. Milima yote aliyopanda kabla ya hapo ilinipita. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Septemba 2025 dunia nzima ilikuja Kigali kwa mashindano ya ubingwa wa barabarani, mara ya kwanza Afrika. Mbio kuu za wanaume alishinda Tadej Pogačar. Walioanza walizidi 160, waliomaliza walikuwa 30 tu. Sisi jirani kabisa, wenye lugha yetu inayosikika hadi huko, tumeandika nini kuhusu wale zaidi ya 130 walioshuka njiani?

Na msiniambie msomaji wa Kiswahili anataka mshindi tu. Nenda kijiwe chochote Jumatatu baada ya Simba na Yanga. Matokeo yanasemwa mara moja. Penalti iliyokoswa inasimuliwa wiki nzima, na kila msimulizi anaisogeza kidogo.

Mhariri wangu, sina ugomvi na wewe. Mwakani narudi tena, na sitashinda. Ukitaka stori, usimsubiri mtu Uyole kwenye kamba. Njoo Kiwira siku ya tatu, simama pale kwa akina mama, kundi likipita usiondoke. Subiri saa moja zaidi. Chukua na mwamvuli.