Kiingereza cha Kulinda Amani

Sina ugomvi na Kiingereza wanachofundishwa askari wetu waendao kulinda amani. Kiingereza na Kifaransa ndizo lugha za kazi za Umoja wa Mataifa. Ofisa wa Kenya na mwenzake wa Nepal wasiposikilizana katika simu ya upepo, majeruhi atakufa akingoja. Kifundishwe, tena barabara.

Ila lugha ya simu si lugha ya njiani. Juni 2024 polisi wetu walitua Port-au-Prince, Haiti, ambako raia husema Krioli. Amri ya kusimama isipofahamika kizuizini, atakayelipa ni mchuuzi arudiye sokoni. Huko Goma, kikosi cha Afrika Mashariki kilipofika mwaka 2022, askari wa Kenya aliweza kumwamkia mzee kwa Kiswahili bila mkalimani.

Tuliopita chuoni twajua kuwa kila mtume alipelekwa na lugha ya kaumu yake. Mlinda amani ni nani hata asijifunze? Basi kando ya darasa la Kiingereza pawe na jingine: salamu, amri na pole kwa lugha ya wenyeji. Hapo ndipo mgeni atakapokuja, mwenyeji akapona.