Kabla ya Kupanda Maua Kinangop

Ukiiacha barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru pale Flyover na kushika njia ya Njabini, baridi hukupokea kabla ya wenyeji. Njia hiyo ina wageni wengi siku hizi, ingawa wenyewe hawapendi kuitwa wageni. Kuna mwalimu aliyestaafu, karani aliyechoshwa na kodi ya nyumba mjini, mume na mke waliorithi kipande cha shamba la babu na sasa wanataka kukikalia. Pikapu iliyowabebea vyombo ina tangi jeusi la maji, mabati, magodoro, na mara nyingi, juu kabisa ili isibanwe, trei ya miche ya maua.

Maua yana sifa nzuri mjini. Kila anayehamia Kinangop amesikia kwamba zaidi ya theluthi ya mawaridi yanayoingia Umoja wa Ulaya hutoka Kenya, na ni kweli. Asichoambiwa ni kwamba biashara hiyo iko mikononi mwa mashamba makubwa ya Naivasha, Thika, Timau na kwingineko, yenye visima vyake, vyumba vya baridi na mikataba iliyotiwa saini miezi mingi kabla ya ua kuchanua. Mwenye robo ekari hana hata kimoja. Hata hivyo robo ekari hiyo inaweza kulipa, iwapo mwenyewe ataitengeneza nyumba yake kwanza na kumlenga mnunuzi wa Nairobi kabla ya kumwota yule wa Amsterdam. Wengi huanza kwa kinyume, na msimu wa kwanza huwaadhibu.

Maji ndiyo kipimo cha kwanza. Uwanda wa Kinangop uko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, una mvua za kutosha, na ndio wenye bwawa la Sasumua, lililojengwa mwaka 1956 ili kunywesha Nairobi. Kwa hiyo mtu anaweza kujenga karibu na bwawa, akatazama maji ya jirani yake yakiteremka mjini alikotoka, huku yeye akinunua tangi. Paa ni la kukinga mvua kabla ya kuwa la urembo. Mabomba ya kukingia maji yakifungwa mapema, nyumba na kitalu vitakunywa pamoja hadi katikati ya kiangazi cha Januari. Anayetumia akiba yake yote kwa vigae na madirisha makubwa, akaacha maji kwa bajeti ya mwaka ujao, atabeba ndoo.

Kisha kuna udongo. Sehemu kubwa ya uwanda huo ina udongo mzito usiopitisha maji. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, maji husimama, na mizizi huoza kabla mwenye shamba hajaona jani likigeuka njano. Wenyeji huinua matuta na kuchimba mifereji hata kwa viazi. Mgeni huona kazi hiyo kama kupoteza nguvu, mpaka aitazame mistari yake ikinuka. Na anga likiwa jeupe usiku wa Januari, jalidi hushuka. Asubuhi majani huonekana yamenyunyiziwa chumvi. Kufikia adhuhuri yamekuwa meusi kana kwamba yameungua. Mambo haya hayaandikwi kwenye matangazo ya kuuza ploti.

Ndiyo sababu mwaka wa kwanza ungefaa uwe wa kukaa tu: kujua upepo unatokea wapi, jirani yupi ana ng'ombe wa mbolea, fundi yupi hukimbia na malipo ya kwanza, barabara ipi haipitiki Aprili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Kinangop jembe hilo hutolewa pia kanisani, kwenye chama na kwenye kamati za mazishi, na asiyelipokea atakosa vibarua siku ya kuvuna, hata akilipa vizuri.

Tuje kwenye maua yenyewe. Kosa la gharama kubwa ni kuanza na waridi. Waridi la kuuzwa nje hutaka kivungulio, dawa na umwagiliaji wa matone, na aina nyingi zina wenyewe. Tangu Kenya ijiunge mwaka 1999 na mkataba wa kimataifa wa kulinda haki za wazalishaji wa mbegu, mkulima hawezi kukata tawi la waridi la kibiashara la mwenzake na kulizalisha apendavyo. Kuna ada ya kulipa kwa kila mche. Juu ya hayo, tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya umekaza masharti dhidi ya nondo ambaye viwavi wake hujificha ndani ya ua. Shamba kubwa huajiri watu wa kunasa na kuhesabu nondo hao kila wiki. Mstaafu mwenye kivungulio kimoja ataajiri nani?

Wakulima wadogo wa uwanda huo walishapata jibu lao zamani: maua ya nje, yasiyohitaji plastiki. Mawili ndiyo yanayotajwa sana. Arabicum hupandwa kwa vichwa vinavyozaana ardhini, hutoa ua jeupe lenye kitovu cheusi, na hukatwa machipukizi ya chini yanapoanza tu kufunguka. Mobydick haiuzwi kwa ua bali kwa matunda yake, vibofu vya kijani vyenye nywele ambavyo wapambaji huviweka katikati ya mashada. Yote mawili huchambuliwa kwa urefu. Katika banda la kivuli utakuta ubao wenye alama za sentimita, na mama wawili au watatu wakipanga mashina, wakipukutisha majani ya chini, wakifunga kwa mpira na kutumbukiza kwenye ndoo. Shina fupi hutupwa pembeni. Wakala akifika jioni ataongeza mengine kwenye rundo hilo, na kwa mkulima asiye na mkataba, neno la wakala ndilo la mwisho.

Mobydick ina jambo moja ambalo kila mwenye nyumba ya shamba anapaswa kulijua. Ukilikata shina, hutoa utomvu mweupe unaonata. Mkono wenye utomvu ukigusa jicho, jicho huvimba na kuuma vibaya, hivyo glovu na maji safi huwekwa karibu. Tena mmea huo ni sumu kwa mifugo. Anayehamia shambani huwa na hamu ya kila kitu kwa pamoja, ng'ombe mmoja wa maziwa, kuku wachache, na maua nyuma ya nyumba, naye kibarua asiyeelekezwa huona mabaki ya shamba kama majani ya bure. Kabichi isiyouzwa huliwa na ng'ombe. Mobydick isiyouzwa inaweza kumuua.

Wazee wa Nyandarua hawahitaji kuhubiriwa kuhusu maua na soko. Walilima pareto. Kuna wakati Kenya ilitoa sehemu kubwa ya pareto yote duniani, na maua hayo meupe yaliyokaushwa yalijenga nyumba na kulipa karo katika nyanda za juu. Halafu malipo yakaanza kuchelewa, miezi ikawa miaka, na wakulima wakang'oa mashina wakapanda viazi. Mashamba yaliyogawiwa walowezi walipoondoka miaka ya 1960 yalikuwa na nafasi ya kujaribu mambo mawili. Leo yamekatwakatwa kati ya wana na wajukuu, na aliyebaki na robo ekari hana pa kuegemea zao moja likianguka. Mzee anayemwuliza jirani yake mpya, "Atanunua nani?" hana wivu. Ameuliza swali la maana kuliko yote yaliyomo kwenye semina za kilimo-biashara.

Soko la ng'ambo nalo huweza kufunga mlango bila kosa la mtu yeyote. Aprili 2010 volkano ya Iceland ilisimamisha ndege Ulaya kwa siku kadhaa, na maua ya Naivasha yakatupwa. Machi 2020 korona ilifanya hivyo tena, kwa muda mrefu zaidi. Kampuni kubwa ziliyumba zikasimama. Mkulima mdogo aliyekuwa akimuuzia wakala wa wakala hakupata hata simu ya kuelezwa kilichotokea.

Soko la karibu hudharauliwa kwa sababu halina uwanja wa ndege. Lakini Agosti na Desemba kuna harusi kila Jumamosi, mazishi hayana msimu, hoteli hubadilisha maua ya mapokezi kila wiki, na nje ya mahafali ya vyuo vikuu mashada huuzwa kama njugu, japo mengi ni ya plastiki na karatasi za kumetameta, aibu kubwa kwa nchi inayopamba meza za Ulaya. Wauzaji wa City Market jijini Nairobi hununua maua mabichi mwaka mzima. Pwani imelijua soko hili kabla ya Naivasha kusikika: Mombasa, Lamu na Unguja, asumini huchumwa na kuuzwa ndani ya siku hiyohiyo, ikatungwa makoja na kufungwa vikuba pamoja na mrehani, bila cheti cha kusafirisha na bila chumba cha baridi. Bei huenda ni ndogo kwa shina, ila muuzaji na mnunuzi hutazamana usoni, na pesa hulipwa hapohapo.

Kaunti ya Nyandarua ingeweza kusaidia kwa kitu kimoja kisicho cha kifahari: chumba cha baridi cha umma, Njabini au Engineer, chenye kipimo cha urefu kinachoonekana na wote na stakabadhi kwa kila ndoo inayopokelewa. Ua likikaa usiku mmoja mahali pa baridi, mkulima halazimiki tena kukubali bei ya saa kumi na moja jioni. Mikataba ya mawakala nayo iandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenye shamba anakisoma mwenyewe.

Anayehamia mwaka huu si lazima asubiri hayo. Mistari kumi ya Arabicum kwenye matuta yaliyoinuliwa, tangi lililojaa, banda dogo la kivuli, glovu, na nambari za simu za wauza maua wawili mjini vinamtosha kwa msimu mmoja, naye fundi aendelee na jiko la kuni na dirisha la chumba cha kulala ambalo bado halifungi vizuri.