Umeme wa Bure? Zungusha Pedeli Kwanza

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Igamba nikakuta mjomba anapanga kuuza kahawa yake ikingali mtini, kwa bei ya hasara, ili amlipe fundi mmoja anayeunda "jenereta isiyokula mafuta". Mashine yenyewe ilikuwa hivi: mota inazungusha dainamo, dainamo inatoa umeme, sehemu ya umeme inarudi kuendesha mota, unaobaki unawasha nyumba. Betri ni ya kushtulia tu.

Mjomba akaniuliza mbele ya watu: "Wewe si ndiye unasoma mambo ya umeme? Hii kitu itafanya kazi?"

Nikajibu kwa kujiamini kwamba haiwezekani, kanuni ya uhifadhi wa nishati inakataa. Akacheka. "Kanuni imekataa, lakini mimi taa nimeiona inawaka."

Nilinyamaza. Fizikia nimefaulu, ila sikuwahi kutengeneza hata dainamo ya kuwasha balbu moja. Yeye aliamini macho yake, mimi niliamini daftari. Hakuna kati yetu aliyekuwa amejaribu.

Nikaenda gereji, nikanunua sumaku na koili za pikipiki iliyokufa injini. Nikapindua baiskeli magurudumu juu, nikavua tairi la nyuma, nikafunga mkanda kutoka kwenye rimu hadi kwenye sumaku. Siku tatu ilikuwa aibu tupu: mkanda unateleza, nyaya nimeunga vibaya. Siku ya nne taa ya pikipiki ya wati 35 ikawaka.

Kilichonishangaza ni uzito. Kabla ya kuunganisha taa, pedeli ilizunguka vizuri tu. Nilipounganisha, ikawa kama mtu amenishikia gurudumu. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kuwa sumaku ikipita karibu na koili, umeme unazaliwa. Miaka mitatu baadaye Heinrich Lenz akaeleza kuwa umeme huo unapinga mwendo uliouzaa. Nimeshaiandika sentensi hiyo kwenye mtihani. Siku ile ndiyo niliielewa, tena begani.

Nikampa mjomba pedeli. Nikaunganisha taa, nikachomoa, nikaunganisha tena. Jasho lilipomtoka akasema: "Kumbe hii taa inanila mimi!"

"Ndiyo, mjomba. Na kule kwa fundi inakula betri."

Tukaenda kwa fundi, tukamwomba achomoe betri mashine ikiwa inazunguka. Ilisimama kabla hatujahesabu kumi. Kahawa ikabaki mtini.

Wenzangu, yule fundi hakuwa tapeli. Koili alizosuka ni safi kuliko kazi yangu yote. Alikosa mita ya kupimia, na alikosa mtu wa kubishana naye kwa vitendo. Alipozungusha baiskeli yangu alikaa kimya, kisha akauliza kama mto unaweza kuizungusha. Hilo ndilo swali lenyewe: nani analipa? Mwaka 2002, kwa majirani zetu Malawi, William Kamkwamba, kijana wa miaka 14 aliyeacha shule kwa kukosa ada, alisoma kitabu cha maktaba na kujenga kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli na dainamo. Taa zikawaka kwao Wimbe. Aliyelipa ni upepo.

Sisi huku chuoni tukiona video ya mgunduzi wa kijijini tunagawanyika makundi mawili. Wengine wanacheka, wengine wanapiga kelele "serikali imsaidie". Hakuna anayeuliza wati ngapi zimeingia na wati ngapi zimetoka. Kicheko hakikuokoa kahawa ya mjomba, na hata hiyo kanuni niliyoikariri isingeiokoa.

Maoni yangu ni haya. Kila anayesoma sayansi au uhandisi aunde jenereta moja ndogo kwa mikono yake kabla hajamaliza chuo, hata kama itawasha taa moja tu. Na umoja wetu, badala ya fulana za kila mwaka, ununue mita za umeme za kuazimisha wakati wa likizo. Mtu aende nayo kwao, akae na fundi wa kwao, wapime pamoja.

Kijijini watatuuliza tu. Tusiende na daftari peke yake.