Gari Lisilosikia Mashimo

Mwezi wa tatu mwaka jana nilisafiri kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa kwa Toyota Noah ya abiria. Tulikuwa watu 11 ndani ya gari lililoundwa kwa ajili ya watu 8, ukiacha mtoto aliyepakatwa na kuku wawili waliofungwa miguu chini ya kiti changu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kabla hatujafika nusu ya safari dereva alisimama mbele ya dimbwi lililokuwa limeimeza barabara nzima. Akashuka, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini na fimbo kupima kina. Akiwa bado humo, maji yakimfika magotini, Land Cruiser nyeupe yenye namba za serikali ilitokea nyuma yetu, ikatupita pembeni, ikayapasua maji na kwenda zake. Vioo vyake vilikuwa vimefungwa. Dereva wetu alijifuta tope usoni, akatuambia kwamba angalau sasa tumejua kina si kirefu. Abiria wakacheka, nami nikacheka nao.

Magari yote mawili yalikuwa Toyota. Jambo hilo limenikaa moyoni tangu siku ile. Tumezoea kuzungumza habari za matabaka kwa kutaja mishahara, nyumba na shule za watoto; katika mikoa ya kusini tabaka la mtu unaweza kulisoma kwa aina ya Toyota anayopanda. Wananchi wetu, ambao ni mafundi wa kutoa majina, wameiita Land Cruiser ya kazi, ile yenye bomba la hewa lililopanda hadi usawa wa paa, "mkonga". Ile ya kifahari wameiita "shangingi", jina la mwanamke wa mjini aliyekubuhu kwa mapambo na majivuno. Noah na Probox zimebaki na majina ya kiwandani.

Ninachodai leo kinaweza kuwaudhi marafiki zangu walio serikalini, nao ni wengi. Ubora wa Land Cruiser ni sehemu ya maelezo ya kwa nini barabara zetu hukaa mbovu muda mrefu hivi. Gari lililotengenezwa kuishinda barabara mbaya limemwondolea mwenye mamlaka sababu ya kuishughulikia barabara hiyo.

Tuanze na gari lenyewe. Ukoo wa Toyoda haukuanza na magari. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alikuwa mbunifu wa mitambo ya kufuma nguo, na mtambo wake uliosifika zaidi ulikuwa ukisimama wenyewe uzi unapokatika, ili usiendelee kufuma kitambaa kibovu. Mwaka 1929 haki za ubunifu huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza. Mwanawe, Kiichiro, akageukia magari, na mwaka 1937 kampuni ya Toyota Motor ikaanzishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilinusurika kufilisika. Mwaka 1950, kufuatia mgomo na kupunguzwa kwa wafanyakazi, Kiichiro alijiuzulu uongozi wa kampuni aliyoiasisi mwenyewe. (Ninapofundisha mada ya uwajibikaji hupenda kuanza na mfano wa nyumbani, wa Ali Hassan Mwinyi aliyejiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya 1970 kwa makosa ya walio chini yake. Baada ya hapo orodha yangu huwa fupi, ndipo namkumbuka Kiichiro.)

Kilichoiokoa kampuni ni vita vya Korea, jeshi la Marekani lilipoagiza malori. Katika mazingira hayo hayo, mwaka 1951, Toyota iliunda gari lililoitwa BJ, ikitumaini kuliuzia jeshi la akiba la polisi la Japani. Dereva wa majaribio alilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limewahi kufika. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Familia ya magari ambayo mkonga wetu umetokana nayo, inayojulikana kwa namba 70, ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na mifupa yake haijabadilika sana tangu hapo. Kwa hiyo gari hili lilizaliwa likiitafuta dola, na dola zimelipokea vizuri.

Nachingwea nayo ina historia yake na mashine za kigeni. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake wawili kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa kwa wingi katika Afrika Mashariki na ya Kati. Walitumia wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiiangalia kutoka angani. Ripoti yao ikazaa mradi wa zaidi ya ekari milioni tatu, na Nachingwea ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani. Reli na bandari ya Mtwara vikajengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuwahi kuvunwa kwa kiasi kilichotarajiwa. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umemeza takribani pauni milioni 36. Treni iliendelea kwenda Nachingwea kwa miaka michache, kisha mwaka 1962 njia hiyo ikafungwa. Ndiyo kusema wilaya hii iliwahi kuwa na reli, na wajukuu wa walioijenga leo wanapima kina cha madimbwi kwa fimbo.

Wakati karanga zikishindwa Nachingwea, Japani kulikuwa na mhandisi wa Toyota, Taiichi Ohno, akijenga namna mpya ya kuendesha kiwanda. Msingi wake mmoja Wajapani huuita genchi genbutsu, yaani nenda mahali penyewe ukalione jambo lenyewe. Inasimuliwa kwamba Ohno alikuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda na kumsimamisha mhandisi ndani yake kwa saa nyingi, aangalie tu kazi inavyokwenda, hadi aone kinachokwama. Aliwafundisha pia kuuliza "kwa nini" mara tano kabla ya kutoa dawa. Sisi tumenunua magari ya Toyota kwa maelfu, lakini fikra iliyoyaunda tumeiacha kiwandani.

Sasa nirudi kwa wenye magari. Kwa nini mtu wa Nachingwea mwenye akiba ya korosho anunue Toyota na si gari jingine? Jibu utalipata kwa fundi yeyote aliye chini ya mwembe: spea zipo, kila fundi analijua, na ukikwama kifedha kesho utapata mnunuzi. Nyuma ya jibu hilo ipo sheria ya Japani. Huko gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, kwa gharama inayomfanya mwenyewe aone heri aliuze. Kwa kuwa Japani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, gari linalotupwa Nagoya linaingia barabarani kwetu bila kuhamishwa usukani.

Lakini Noah iliundwa kupeleka watoto shule kwenye lami ya Japani. Haikuundwa kwa ajili ya udongo mwekundu wa Nachingwea, unaokuwa kama sabuni masika na kama bati lenye migongo kiangazi. Dereva aliyenibeba alinieleza jinsi alivyolifanya gari lake upya: springi za nyuma kazibadilisha kwa ngumu zaidi, chini ya injini kachomelea bamba la chuma, matairi ya akiba anabeba mawili. Shokapu, bushi na tairodi kwake ni matumizi ya kawaida kama mafuta. Hesabu yake inategemea korosho. Msimu ukiwa mzuri na minada ikilipa kwa wakati, abiria wapo na spea zinanunuliwa. Malipo yakichelewa, kama yalivyochelewa kwa wakulima wengi msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, gari linakaa juu ya mawe.

Mimi pia nina Toyota ya mtumba, RAV4 iliyonifikia ikiwa na umri wa miaka 12. Siilalamikii. Niliwahi kuvunja shokapu mbili katika safari moja ya kwenda kusini, nikanunua nyingine kwenye duka moja nisilolitaja, zikiwa ndani ya boksi lenye nembo safi kabisa. Hazikumaliza miezi miwili. Fundi aliyezitoa alizigeuza mkononi, akaniambia kwamba kilichokuwa halisi ni boksi. Kwangu ilikuwa hasara ya kuudhi tu. Kwa mwenye Noah moja inayosomesha watoto watatu, hasara kama hiyo ni muhula wa shule.

Hebu basi tuitumie njia ya Ohno kwa shokapu hizo. Kwa nini zilivunjika? Kwa sababu ya shimo. Kwa nini pana shimo? Kwa sababu maji hutuama katikati ya barabara. Kwa nini hutuama? Mtaro umeziba na karavati limejaa mchanga. Kwa nini halikuzibuliwa kabla ya mvua, kazi ya vijana kumi na makoleo kwa siku mbili? Hapa majibu ya ofisini huanza: bajeti, mkandarasi, mwaka wa fedha. Siyapuuzi. Ila "kwa nini" ya tano inauliza mbona bajeti hiyo haikupiganiwa, na hapo ndipo ninapoiona Land Cruiser. Waliotakiwa kuipigania walipita juu ya shimo hilo mara nyingi, na gari lao halikuwaambia kitu.

Wala asiseme mtu kwamba mwenye Noah hachangii barabara. Mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na kufidiwa kwa kodi ndani ya bei ya mafuta. Mwaka huo huo TARURA ilianzishwa kusimamia barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Dereva wangu analipa kila anapojaza tangi, kisha analipa tena kwa fundi. Mafuta ya mkonga wa serikali nayo hukatwa tozo, lakini fedha inatoka katika mfuko ule ule wa dereva wangu.

Nitaambiwa kwamba wilaya haiwezi kuendeshwa kwa Probox. Ni kweli, na sidai hivyo. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua katika kijiji cha mbali anauhitaji mkonga kuliko mkurugenzi yeyote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Land Cruiser yenye jokofu la kubebea chanjo, na sioni matumizi mema zaidi ya gari hilo. Shida yangu ni shangingi linalokwenda mkutanoni juu ya lami ya Dodoma. Wenzetu wamejaribu kulitazama suala hili: Kenya mwaka 2009 iliamuru mawaziri wapande magari ya injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800, na Rwanda katika miaka ya 2000 ilipiga mnada magari mengi ya serikali, ikawakopesha maofisa wanunue yao. Agizo la Kenya halikudumu. La Rwanda linanivutia zaidi, kwa sababu mtu akijinunulia shokapu mwenyewe huanza kuziona barabara.

Ipo pia habari ya lami. Barabara ya kutoka Nanganga hadi Ruangwa, kilomita 53 na ushei, imepata kuvaa lami katika miaka hii ya karibuni. Ruangwa ni jimbo ambalo Kassim Majaliwa aliingia nalo bungeni mwaka 2010, akawa Waziri Mkuu mwaka 2015. Wapo Nachingwea wanaosema lami imefuata cheo. Sina ushahidi wa hilo, na watu wa Ruangwa walistahili barabara hiyo miaka mingi kabla. Ila nimekaa katika vijiwe vya kutosha kujua kwamba wananchi wengi hawaamini kuwa barabara huja kwa sababu ya mashimo. Wanaamini huja kwa sababu ya mtu.

Pendekezo langu halihitaji sheria mpya wala fedha. Mkuu wa wilaya, mhandisi wa TARURA na mwenyekiti wa halmashauri waikague barabara mara mbili kwa mwaka, mara moja iwe masika, kwa gari la abiria la kawaida. Wapange foleni stendi, walipe nauli, wakae kiti cha nyuma juu ya tairi. Katika ripoti waandike mambo matatu: safari ilichukua saa ngapi, abiria walishuka mara ngapi kusukuma, na dereva alitengeneza nini alipofika. Wanafunzi wangu wanaotoka kusini wanaweza kuanza bila kuwasubiri, kila likizo, kwa daftari na kalamu.

Sisi siku ile tulishuka mara nne. Tulipofika Ruangwa jua lilikuwa linakaribia kuzama, na dereva alilala chini ya gari hata kabla abiria hawajamaliza kuchukua mizigo yao. Nikielekea nyumba ya wageni nilipita nje ya ofisi moja. Palikuwa na Land Cruiser nyeupe, sijui kama ndiyo ile, na kijana mmoja mwenye ndoo alikuwa anamalizia kuiosha.